Vitabu vya Maktaba: Zabuni Moja au Maombi ya Wasomaji?

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 liliweka maktaba za umma chini ya serikali za kaunti, sambamba na viwanja vya michezo na bustani za mapumziko, na hivyo swali la nani achague vitabu likapata uzito mpya. Ununuzi wa pamoja kupitia zabuni moja huvuta punguzo la bei na kurahisisha uorodheshaji, lakini vitabu vilevile huweza kupelekwa Lamu na Turkana, ingawa wasomaji wa huko hawatafuti mambo yaleyale. Ununuzi unaofuata maombi hugharimu zaidi kwa kila nakala, ila kitabu kilichoombwa huwa na msomaji anayekisubiri tangu siku kinapofika rafuni. Kasoro yake ni kwamba husikika wale wanaojua kuomba (watoto hawajazi fomu), kama vile uwanja unaotolewa kwa anayewahi unavyoweza kuishia mikononi mwa timu zilezile kila Jumamosi. Binafsi ningeiachia zabuni vitabu vya kiada na vya rejea, na maombi yapate bajeti iliyobaki, mradi mkutubi atenge kwanza fungu la watoto.