Kufuli ya Kununua Lamu: Ipi ya Kwanza, Ipi Uiache Dukani

Lamu kufuli hainunuliwi kwa hofu ya mwizi peke yake. Chumvi nayo huingia, hasa Shela na nyumba za ufukweni kusi ikivuma. Basi angalia madini kwanza, bei baadaye.

1. Mwili wa shaba ya manjano, upinde (ule mkono wa juu unaofungia) wa stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Hii ndiyo ningeichukua kwa mlango wa nje. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyoyeyushwa pamoja na zinki, mara nyingi zinki ikiwa kiasi cha thuluthi. Haina chuma, kwa hiyo haishiki kutu; hufifia tu, ikawa kahawia, pengine ikatoa ukijani. Kaitazame siwa ya shaba, ile pembe ya kale ya kupulizwa, kwenye makumbusho ya Lamu uone madini ya jamii ya shaba yanavyostahimili pwani kwa karne nyingi. Ukitaka ing'ae, ndimu na chumvi kidogo vyatosha, kisha suuza na ukaushe.

Ina maadui wawili. Ikizama ndani ya maji ya bahari, zinki hutoka polepole na kuacha shaba nyekundu iliyo laini kama sifongo, kwa hiyo usiifungie mashua kwenye mnyororo unaolowa. Adui wa pili ni amonia. Zamani jeshi la Waingereza huko India liliona maganda ya risasi, nayo ya shaba ya manjano, yakipasuka msimu wa mvua, na chanzo kilikuwa amonia ya mikojo ya farasi mazizini. Sisi na punda wetu tunajua habari hiyo: mlango wa zizi upe kufuli ya stenlesi tupu.

2. Mwili wa shaba ya manjano, upinde wa chuma kigumu uliopakwa kromu. Ndiyo iliyojaa madukani. Msumeno huhangaika nayo kuliko ile ya kwanza, lakini kromu ikikwaruzika tu, kutu huanzia hapo. Kwa mlango wa ndani ya daka, kile kibaraza cha kuingilia nyumba, penye kivuli, haina neno.

3. Bapa za chuma zilizobanwa pamoja. Ina nguvu, ila chumvi hujificha baina ya bapa. Ghala la Malindi lililo mbali na ufuo, sawa.

4. Ya kupakwa rangi ya dhahabu. Iache. Kuijua, chukua sumaku uiguse kwenye mwili, si kwenye upinde, maana upinde wa chuma utanasa hata kwa kufuli nzuri. Mwili ukinasa, ni chuma. Usipime kwa mkono: shaba ya manjano ina takriban gramu 8.5 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma 7.8, na kiganja hakitambui tofauti hiyo. Usiponasa, bado si hakika, kwani zinki tupu nayo haivutwi na sumaku. Muombe muuzaji akukwaruzie kidogo upande wa chini. Weupe wa kijivu ukitokea, mrudishie. Akikataa kukwaruza, nenda duka la pili.

Ndani ya kufuli tia unga wa ile nyeusi ya ndani ya penseli badala ya mafuta ya kupikia, ambayo hunasa mchanga.