Vigawo au kanuni: mlinganyo wa kipeo cha pili

Ukikutana na x² − 5x + 6 = 0, kutumia kanuni, yaani x = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ 2a, ambapo a, b na c ni namba za mlinganyo ax² + bx + c = 0, ni kujichosha bure. Namba mbili zinazozaa 6 zikizidishwa, na zinazozaa −5 zikijumlishwa, ni −2 na −3; vigawo ni (x − 2)(x − 3), basi x ni 2 au 3. Umemaliza kabla mwenzako hajaandika alama ya kipeuo.

Sasa badilisha 6 iwe 3. Hapo unaweza kutafuta vigawo mpaka kengele ilie, namba kamili hazipo. Kanuni inakupa (5 ± √13) ÷ 2, yaani takribani 4.30 na 0.70. Angalia tu alama: b ni −5, kwa hiyo −b ni +5. Wengi huangukia hapo, na mimi nimeangukia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mimi hukokotoa b² − 4ac kwanza. Kwenye 12x² − 7x − 12 = 0 inatoka 625, mraba wa 25, kwa hiyo vigawo vipo: (4x + 3)(3x − 4). Ila kipeuo ukishakipata, kanuni imebakiza hatua moja tu. Namba zikiwa kubwa hivi, naimalizia hiyohiyo.