Uzoefu wangu: nyambizi U-995 ya Laboe, Ujerumani

Tiketi ya U-995 inalipa, mradi ujue unachokwenda kukitazama. Chombo chenyewe hakijielezi. Asiyejua atapita mita 67 za bomba la chuma kwa dakika kumi, atagonga kichwa, atapiga picha za koki na mabomba, kisha atatoka akiuliza, "Ndiyo hii tu?"

Hii ni nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC/41 (toleo mojawapo la aina ya VII), iliyoundwa na Blohm & Voss mjini Hamburg na kuanza kazi Septemba 1943. Ilipigana ikitokea Norwe, kwenye bahari ya baridi ambako misafara ya meli ilikuwa ikipeleka zana Urusi. Februari 1945 ilijipenyeza hadi ndani ya bandari ya Kirkenes na kupiga meli kwa topido (bomu linalojiendesha majini). Vita vilipokwisha ilikuwa Trondheim. Wanorwe wakaichukua, wakaiita Kaura, wakaitumia hadi miaka ya 1960, na hilo ndilo lililoinusuru isiuzwe kama chuma chakavu. Aina ya VII zilijengwa takriban 700, na iliyobaki nzima duniani ni hii moja. Tangu 1972 imeketi mchangani, mbele ya mnara wa kumbukumbu ya wanamaji.

Kufika ni rahisi. Kutoka Kiel kuna basi, lakini mimi napendekeza feri ya F1 inayopita kituo kwa kituo kwenye ghuba hadi Laboe. Ukishuka, fuata ufuko kwa mguu kama nusu saa. Mnara na nyambizi vina milango tofauti, kwa hiyo uliza tiketi ya pamoja. Fika asubuhi mlango unapofunguliwa. Adhuhuri ya kiangazi lile bomba linakuwa joko, na foleni inasukuma. Begi la mgongoni liache, kwa sababu kuna matundu ya mviringo ambayo lazima utangulize mguu, uiname, ndipo kichwa kifuate. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kupita, na anayebanwa na pumzi sehemu finyu asijaribu: ukishaingia unakwenda mbele tu, hakuna kurudi nyuma kwa urahisi.

Unaingilia tezi (nyuma) na kutokea omo (mbele), na mpangilio huo ni bahati nzuri, kwa sababu siri yote iko nyuma. Simama kwenye chumba cha mota za umeme, hata kama nyuma yako wananung'unika. Kuna shafti (mihimili ya kuzungusha propela) mbili, moja kila upande, na kila moja imepangwa hivi kuanzia nje: propela, klachi (kiungo cha kushikanisha na kuachanisha), mota ya umeme, klachi ya pili, halafu injini ya dizeli iliyoko chumba kinachofuata. Chombo kikiwa juu ya maji, dizeli huzungusha shafti nzima, na ile mota ikizungushwa hugeuka dainamo na kuchaji betri. Kikitaka kuzama, dizeli huzimwa na ile klachi ya pili huachiwa, maana dizeli ikiendelea kunguruma ndani ya chombo kilichofungwa itawamalizia watu hewa. Kutoka hapo mota hubeba mzigo peke yake, ikila ile akiba ya betri.

Sasa weka tarakimu juu ya hayo. Dizeli mbili za silinda sita sita zilitoa jumla ya nguvu farasi 2,800 na zaidi. Mota mbili, 750 tu. Juu ya maji chombo kilikimbia maili 17 za baharini kwa saa, na kwa mwendo wa maili 10 kwa saa kingeweza kusafiri maili 8,500. Chini ya maji, kwa mwendo wa maili 4 kwa saa, kiliishia maili 80. Gawanya mwenyewe: saa 20, betri hoi. Kwa hiyo hiki ni chombo cha juu ya maji chenye uwezo wa kujificha kwa muda. Ndege zenye rada zilipoanza kukivizia usiku kikiwa juu kinachaji, hesabu yake ilivurugika, na bomba la kuvutia hewa lililoongezwa baadaye lilikuwa kiraka tu.

Betri zenyewe unazikanyaga. Seli 124, nusu mbele na nusu nyuma, zimelazwa chini ya sakafu ya vyumba vya kulala. Maji ya chumvi yakichanganyika na asidi yake hutoa gesi ya klorini, na ndiyo maana tundu dogo tu kwenye bomba la maji liliwatia watu hofu kuliko kelele za mabomu. U-1206, ya aina hii hii ya VIIC, ilipotea Aprili 1945 karibu na pwani ya Uskoti kwa sababu ya choo: maji yaliingia, yakafikia betri, gesi ikatanda, ikalazimika kuibuka mchana kweupe na kushambuliwa. Vyoo ukiviona mle ndani vitazame kwa heshima. Vilikuwa viwili kwa watu karibu 50, na mwanzoni mwa safari kimoja mara nyingi kilijazwa vyakula.

Chumba cha udhibiti ndicho kinachopigwa picha zaidi, na mimi nadhani kinasifiwa kupita kiasi. Vitu viwili tu tafuta. Kwanza, sehemu za waendeshaji wa mapezi ya omo na ya tezi, yanayoelekeza chombo juu au chini: kazi ilifanywa kwa vitufe vya umeme, na magurudumu makubwa yaliyopo hapo ni ya kuzungusha kwa mkono umeme ukikatika. Pili, kipimo chembamba cha kioo chenye safu ya maji, kilichoonyesha kina kwa usahihi mkubwa chombo kikiwa karibu na uso wa maji, ili periskopu (bomba la kutazamia juu ya maji) isichomoze zaidi ya inavyohitajika. Periskopu ya kushambulia haikutumiwa hapo, nahodha aliitumia kutoka kwenye kimnara cha nyambizi kilicho juu yake, na huko wageni hawapandi.

Ukivuka tundu la mbele, kitanda cha nahodha kiko kushoto kwako, kimefichwa kwa pazia tu, hakina mlango. Kilichopo ng'ambo yake, hatua moja tu, ni kibanda cha redio na cha msikilizaji wa sauti za majini. Mpangilio huo ni wa makusudi: msikilizaji akinong'ona, nahodha anasikia akiwa amelala.

Omo kuna mabomba manne ya topido. Topido moja ina urefu wa mita 7 na uzito wa tani moja na nusu hivi, na za akiba zilikaa chini ya sakafu na juu yake, katikati ya vitanda. Zile za umeme zilitakiwa kuchomolewa kila baada ya siku chache zikaguliwe na kuchajiwa, na kila zinapochomolewa vitanda hukunjwa na waliolala huamshwa. Nafasi ya kusimama wima ilipatikana baada ya kufyatua kadhaa.

Kwenye mnara wa kumbukumbu usikose propela ya manowari Prinz Eugen iliyopo pale nje. Wakati wa kurudi, shuka feri kituo cha Möltenort. Pale kuna ukuta wenye majina ya wanamaji wa nyambizi waliokufa: kati ya takriban 40,000 waliotumwa vitani mwaka 1939 hadi 1945, waliokufa ni karibu 30,000.

Mwenye siku ya ziada aende Bremerhaven kuiona U-2540, aina ya XXI, ila aione ya pili, si ya kwanza. Seli za betri ziliundwa 372 badala ya 124, umbo likalainishwa, na mwendo wa chini ya maji ukafika maili 17 kwa saa, yaani ukaupita wa juu. Ilizamishwa na mabaharia wake Mei 1945, ikaopolewa 1957 na kutumiwa tena na jeshi la wanamaji kwa jina la Wilhelm Bauer, kwa hiyo vingi mle ndani si vya 1945. Majira ya baridi hufungwa, hakikisha kabla ya kukata tiketi ya treni. Na anayetafuta habari za Königsberg, ile manowari ya Kijerumani iliyoishia Rufiji Julai 1915, asihangaike kwenda Ujerumani: mzinga wake mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.