Gimbali ya simu: ipi itamfuata bi harusi asipotee?

Mwezi uliopita nilikuwa napiga video ya sendofu, Mwanga hapa Kigoma, simu ikiwa kwenye gimbali, yaani mpini wenye mota unaoituliza simu na kuigeuza imfuate mtu. Nimemchagua bi harusi kwenye kioo cha simu, kile kisanduku cha kumfuata kimemkaa vizuri usoni, narudi kinyumenyume naye anakuja. Kinamama wakaingia kati wakicheza, wote kitenge kimoja cha Kongo, na gimbali ikamwacha bi harusi ikaondoka na shangazi yake. Kipande kile hakirudiwi, na mpaka leo kinaniuma.

Ndiyo maana nazipanga kwa swali moja: jicho la kumfuata mtu liko wapi? Likiwa kwenye programu ya simu, unalazimika kurekodi ndani ya programu hiyo, na si kila simu inaelewana nayo. Likiwa kwenye gimbali yenyewe, unatumia kamera yako ya kila siku, hata TikTok mubashara.

Ya kwanza kwangu ni DJI Osmo Mobile 7P ya 2025. Sensa yake, yaani hilo jicho, hushikizwa kwa sumaku na ina taa ndogo. Miguu mitatu imo ndani ya mpini, fimbo ya kurefusha imo, na chaji ni saa 10. Angalizo: inawashwa rasmi kwa programu ya Mimo, na wenye Android huipakua kwenye tovuti ya DJI, si Play Store. Malizia hilo nyumbani kwenye mtandao mzuri, usingoje ukumbini.

Ya pili ni Hohem iSteady M6 yenye sensa yake. Inabeba simu hadi gramu 400 na inakaa na chaji saa 18. Unaiamuru kwa ishara ya mkono, kwa hiyo muuza dagaa wa Kibirizi anaweza kujirekodi tangazo peke yake. Nzito kidogo, lakini ya kazi.

Ya tatu, Insta360 Flow: saa 12, inafuata vizuri sana, ila kwa programu yake. Mwenye iPhone achukue Flow Pro ya 2024, hiyo inafanya kazi na kamera ya simu moja kwa moja.

Osmo Mobile 6 naiweka mwisho. Ni nyepesi na nzuri ukiipata kwa bei ya chini, lakini mwisho wake ni simu ya gramu 290. Pima simu yako na kava lake kwenye mizani ya duka la sukari kabla hujalipa. Wenye kamera kubwa ni habari nyingine: DJI RS 4 Mini, inabeba hadi kilo 2, na ununue ile inayokuja na moduli ya kufuatilia.

Ujue pia kwamba mota tatu zinatuliza mzunguko tu. Mdundo wa hatua unabaki, kwa hiyo pinda magoti, tembea kama umebeba ndoo. Kwenye boti ziwani tumia modi ya kufuata kushoto na kulia pekee, upeo wa maji utanyooka. Na uifiche na rasharasha za mawimbi, haina kinga ya maji.

Dukani, funga simu yako mwenyewe. Mchague muuzaji kwenye kioo, kisha mwombe msaidizi wake apite mbele yake mara tatu, taratibu halafu haraka. Ikimrudia muuzaji kila mara, toa hela.