Carroux au Krege: Tolkien kwa Kijerumani

Hapa Bukavu, tunaojifunza Kijerumani tumegawanyika kuhusu The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien. Tafsiri ziko mbili. Ya Margaret Carroux ilitoka 1969 na 1970, Tolkien angali hai, na mfasiri alishauriana naye. Ya Wolfgang Krege ni ya 2000.

Carroux haendi mbio. Sentensi zake zina uzito wa baraza la wazee, ila karibu wahusika wote, mkulima hata mfalme, husikika wa daraja moja. Krege alitaka kutenganisha sauti: wakubwa waseme kikale, hobiti, wale watu wafupi wa hadithi hiyo, waseme kama watu wa mtaani wa leo. Ndiyo maana hobiti wake Sam humwita bwana wake Frodo “Chef”, yaani bosi. Mashabiki wengi wa Ujerumani walikasirika. Sisi tulicheka tu. Huku kwetu motari (dereva wa pikipiki), polisi na muuza simu wote ni chef! Hata hivyo naona mashabiki hao walikuwa na haki: Sam ni mtunza bustani anayempenda bwana wake, na neno hilo linamfanya aonekane karani.

Kwa kujifunza mazungumzo, Krege anafaa. Kwa hadithi yenyewe, nunua Carroux.