Kitochi au simu janja: ipi inamfaa mzee?

Kitochi, mfano Nokia 105, kina sifa moja inayozishinda nyingine zote: vitufe vinabonyezeka. Kidole kikavu chenye sugu ya jembe mara nyingi kioo hakikisikii, kitufe hakibagui. Mama akishikilia namba 2 kidogo, simu inanipigia mimi. Akishikilia 3, inampigia dada. Juu ya ile 2 nilibandika kipande cha plasta ili aipapase hata gizani. Chaji inakaa siku kadhaa, tochi ipo, redio ipo, na M-Pesa anaiingia kwa *150*00# bila bando.

Simu janja inataka umeme karibu kila usiku, na kupokea tu ni mtihani: nyingine unagusa, nyingine unaburuza. Mama aliburuza upande usio, akawa anatukatia wiki nzima, nasi tukadhani amenuna. Lakini mzee ambaye SMS zinamshinda kusoma atasikiliza ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na kumwona kitukuu akicheka kwenye video, hilo kitochi hakiliwezi. Ukimnunulia, kuza maandishi kwenye mipangilio, weka picha za wanawe kwenye skrini ya mwanzo, na ondoa programu asizozihitaji.

Mimi ningeanza na kitochi. Simu janja ifuate kama pale nyumbani yupo kijana wa kumwekea bando na kumwelekeza bila kufoka. Ila namba ya siri ya pesa asipewe kijana huyo.