Mati za kulalia kwenye theluji: ya sponji ama ya kujaza upepo?

Wenye wanapanga kupiga hema huko juu Mlima Kenya, hii ni yenu. Mati mbili nimezilalia karibu na Austrian Hut, hapo ni zaidi ya mita 4,700, na theluji ilikuwa imeanguka tangu jioni. Moja ni Z Lite Sol ya Therm-a-Rest, ile ya sponji ngumu ya kukunja, nyingine ni XTherm NXT ya kampuni hiyohiyo, ya kujaza upepo.

Ya sponji ni gramu 410 tu, unaifunga nje ya begi, unaitupa hata juu ya mawe, pancha haijui, na mkisimama kupumzika unaikalia ukinywa chai. Shida ni namba ya R, hiyo ndio inaonyesha mati inazuia baridi ya chini kiasi gani, yake ni 2.0 na kwa theluji inatakiwa 5 kwenda juu. Ngong ama Naivasha iko sawa kabisa, lakini kwa theluji ikiwa peke yake utageukageuka mpaka kukuche, na usitegemee begi la kulalia likuokoe juu manyoya ya upande wa chini umeyalalia, yamebanwa, hayashiki joto tena.

XTherm nayo ni 7.3, uzito unakaribia nusu kilo, na hiyo ni joto ya ukweli. Inapiga kelele kidogo ukigeuka, sio mbaya. Bei sasa! Huko Marekani tu inapita dola 200, ongeza usafiri na ushuru uone.

Kuna duka moja hapa tao muuzaji alituapia eti godoro la upepo likiwa nene ndio lina joto. Wapi! Kama ndani halina kitu cha kuzuia baridi, ule upepo unazunguka tu unapeleka joto lako chini kwa theluji. Mwenzangu alibeba la aina hiyo, nene ajabu, boksi halina namba yoyote, na saa tisa usiku alikuwa ameketi amevaa kila nguo aliyobeba.

Mimi nasema hivi, si lazima XTherm. Tafuta ya upepo yenye R ya 4 hivi, bei nafuu kiasi, uweke ya sponji chini yake. Namba zinajumlishwa, unapata 6, na ya upepo ikipata pancha bado una kitu chini yako. Uliza kama boksi limeandikwa ASTM F3340, juu kabla ya hicho kipimo kila kampuni ilikuwa inapima R kivyake.

Usijaze kwa mdomo, pumzi ina unyevu na utaganda humo ndani, tumia kale kamfuko ka kupampia. Ongeza upepo kidogo kabla ulale, baridi inafanya ilegee. Na kanyageni theluji vizuri kabla ya kuweka hema, la sivyo joto la mwili linachimba shimo lenye umbo lako, halafu linaganda hivyohivyo.

Ukiangalia za mitumba pale soko la Toi, bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikikaa na alama ya kidole, achana nayo hata wakikuuzia mia mbili.